Ndege Wageni Kwenye Malisho: Watambue kwa Sauti na kwa Majani Wanayotua



Utashangaa afisa mifugo kukuandikia habari za ndege wa porini badala ya chanjo na kuogesha. Hata mimi ningeshangaa mwaka ule nilipoanza kazi. Chuoni ndege tuliyemsoma alikuwa kuku, na magonjwa yake tuliyajua kwa majina. Hawa wengine tuliwaachia watalii.

Nilibadili mawazo katika mwaka wangu wa pili wa kazi, wakati wa mvua za vuli. Nilikuwa katika uchanjaji wa homa ya mapafu ya ng'ombe, nikizunguka boma hadi boma na kasha la barafu mgongoni. Layoni mmoja wa miaka kama kumi na miwili akanifuata, akaniambia kwamba bondeni kuna ndege weusi wakubwa wenye tumbo jeupe, wengi kama mbuzi wa baba yake, na ni siku ya tatu hawaondoki. Nikamjibu kwamba hao wanafuata mvua, nikaendelea kuchanja. Siku nne baadaye nikapigiwa simu. Mama mmoja mjane alikuwa amepeleka ng'ombe wake asubuhi na mapema kwenye bonde lilelile, wakiwa na njaa, kwenye ukoka uliokuwa umetafunwa na viwavijeshi na kuanza kuchipua upya. Ng'ombe watano walianguka kabla ya saa sita mchana. Walihema haraka, mdomo una povu, fizi nyekundu kupita kawaida, wakayumba na kufa.

Wale ndege walikuwa wamekula viwavi siku zote hizo. Layoni aliniambia, na mimi sikuelewa nilichoambiwa. Ndiyo maana nakuandikia.

Majira yao

Ndege ninaowazungumzia si wenyeji. Wanaishi hapa sehemu ya mwaka tu, na wengi wao huzaa mbali sana: Ulaya, Urusi, Kazakhstan, China, au ukanda wa Saheli kusini mwa jangwa la Sahara. Wa kwanza huanza kuonekana mwezi wa Agosti na Septemba, majani yakiwa bado makavu. Wengi hufika Oktoba na Novemba pamoja na vuli. Kufikia mwisho wa Aprili karibu wote wameondoka kwenda kuzaa. Kwa hiyo ukiona korongo mweupe mwezi wa Julai, mtazame vizuri, huenda ni mgonjwa au aliumia akashindwa kurudi.

Kwa sisi wa nyanda za Simanjiro, Longido na Monduli, na kwa ndugu zetu wa Kajiado ng'ambo ya mpaka, miezi hiyo ndiyo miezi tunayohama na mifugo kutoka malisho ya kiangazi kwenda ya mvua. Ng'ombe na ndege hawa wanafuata kitu kimoja. Mvua ikinyesha sehemu, majani huota, wadudu huzaliana kwenye majani, na ndege hushuka kuwala. Wewe unafika na ng'ombe siku hizohizo.

Anza na ardhi kabla ya ndege

Watu wengi wakitaka kumtambua ndege hutazama juu. Mimi nakushauri utazame chini kwanza. Jiulize uko kwenye majani gani. Ndege wa nyanda wana uchaguzi mkali kama mbuzi na ng'ombe. Mmoja hapendi chakula cha mwenzake. Ukijua majani, umeshapunguza orodha hadi ndege watatu au wanne.

Majani mafupi yaliyochungwa hadi yakawa kama zulia, au eneo lililoungua karibuni: hapo tegemea ndege wanaokimbia na kusimama. Majani mabichi ya goti yaliyoota baada ya mvua, hasa kwenye mabonde ya ukoka: hapo ni korongo na kware. Majani marefu ya alalili mliyowatengea ndama: hapo kuna ndege wanaojificha, nao ndio adimu kuliko wote. Na vichuguu, hasa jioni baada ya mvua kumbikumbi wakitoka: tazama angani, kozi watakuja.

Kisha nyamaza usikilize. Saa nzuri ni ile ya kufungua zizi, kabla watoto na mbwa hawajaanza kelele, na ile ya jioni ng'ombe wakirudi na vumbi likitulia. Simama upepo ukiwa unakupiga usoni, maana sauti husafiri na upepo. Fumba macho kidogo. Wachungaji hamhitaji kufundishwa kusikiliza. Mnaitambua kengele ya ng'ombe wenu katikati ya kengele mia. Ni sikio hilohilo.

Sauti ya kujifunzia

Anza na ndege ambaye hana shida kumpata. Ni kindege chembamba chenye tumbo la manjano na mkia mrefu unaotikiswa juu na chini bila kupumzika. Huyu hufika Septemba hadi Oktoba kutoka Ulaya na Asia, na hutembea katikati ya miguu ya ng'ombe akidaka nzi na wadudu wanaostushwa na kwato. Akiruka hutoa sauti moja, nyembamba: swiip, swiip. Sauti yake huisikii vizuri akiwa chini. Mstue kidogo aruke ndipo umsikie. Ukiizoea hii utakuwa na kipimo. Kila sauti nyingine utasema ni nzito kuliko hiyo, au kali zaidi, au ndefu zaidi.

Wa pili kwa urahisi ni kindege cha rangi ya mchanga anayesimama wima juu ya kichuguu, jiwe au kinyesi kikavu cha ng'ombe, kwenye majani mafupi. Akiruka unaona mgongo wa nyuma na mkia vyeupe, na ncha ya mkia nyeusi. Sauti yake ni kama vijiwe viwili vinavyogonganishwa: chak, chak. Uzito wake hauzidi sana gramu 25, yaani chini ya nusu ya yai la kuku. Lakini watafiti waliowafunga wachache wao vifaa vidogo vya kufuatilia safari waligundua kwamba wale wanaozaa Alaska, kule Marekani ya kaskazini kabisa, hupita Asia yote na kuja kukaa msimu wao Sudan, Uganda na Kenya. Ni kama kilomita 14,500 kwenda tu. Huwa nawaambia hivyo layoni wanaolalamika kuhusu umbali wa kisima.

Korongo wawili unaopaswa kuwajua

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo penye faida na hasara ya mifugo yako.

Korongo mweupe ni mkubwa, mweupe mwili mzima isipokuwa mabawa ya nyuma ambayo ni meusi. Mdomo na miguu ni miekundu. Hutoka Ulaya na Asia ya magharibi. Kwa sababu husafiri kwa kupanda na hewa ya moto bila kupiga mabawa sana, hakwepi nchi kavu hata kama njia ni ndefu. Huzunguka Bahari ya Kati kupitia Uturuki na Sinai, akafuata bonde la Nile hadi kwetu. Hiyo hewa ya moto ndiyo inayokuambia wapi pa kumtafuta. Asubuhi kabla jua halijapasha ardhi yuko chini, anatembea na kula. Kuanzia saa nne hivi utawaona wanazunguka angani kama tai.

Korongo wa Abdim ni mdogo zaidi. Ni mweusi mgongoni na shingoni, tumbo jeupe, ngozi ya uso ya bluu yenye wekundu mbele ya macho, miguu ya kijivu yenye magoti mekundu. Huyu hatoki Ulaya. Huzaa Saheli, kuanzia Senegali hadi Ethiopia, mara nyingi kwenye miti ya vijijini na hata juu ya mapaa ya nyumba za watu, wakati wa mvua za huko. Mvua za huko zikiisha hushuka kwetu kufuata vuli. Huja kwa makundi makubwa, mamia kwa maelfu, leo wapo kesho hawapo. Hawa ndio layoni aliowaona.

Usiwachanganye na marabu, yule mwenye upara na kifuko shingoni anayekaa machinjioni, wala na korongo taji mwenye shungi la dhahabu kichwani, wala na yangeyange mweupe mdogo anayefuata ng'ombe mwaka mzima. Hao ni wenyeji, na kuwapo kwao hakukuambii jipya.

Sasa, habari ya sauti. Korongo hawa wawili karibu ni mabubu wakiwa kwetu. Korongo mweupe hugonganisha mdomo kama mtu anayepiga vijiti, lakini hufanya hivyo zaidi kwenye kiota chake huko Ulaya. Kwa hiyo ukimya ni alama pia. Kundi kubwa la ndege wakubwa wanaotembea kwa mstari, vichwa chini, wakidonoa kila hatua mbili tatu, kimya kabisa: hapo kuna chakula kingi. Ndege anayepumzika husimama kwa mguu mmoja au hujisafisha manyoya. Ndege anayekula hana muda huo. Jifunze tofauti hii, ndiyo muhimu kuliko rangi ya miguu.

Wanakula nini? Panzi, nzige, na viwavijeshi. Mwanzoni mwa 2021 nzige wa jangwani walipoingia Mwanga, Simanjiro na Longido kila mtu aliwaona, huhitaji ndege kukuambia kwamba anga limefunikwa. Viwavijeshi ni tofauti. Nondo wake huja usiku na upepo wa mvua, hutaga mayai kwenye majani, na mayai huanguliwa ndani ya siku chache. Viwavi wachanga ni wa kijani na wadogo, hata ukipita juu yao huwaoni. Baada ya wiki moja hivi hubadilika kuwa weusi wenye mistari ya manjano au kijani ubavuni, na katika siku zao za mwisho, kabla ya kuingia ardhini, ndipo wanapokula kwa pupa. Mtu husema viwavi wamekuja jana usiku. Hapana, walikuwapo wiki mbili. Korongo aliwaona kabla yako.

Milipuko ya kwanza ya msimu mara nyingi huanzia Tanzania ya kati na mashariki na kusini mwa Kenya, kisha nondo wapya huchukuliwa na upepo kwenda kaskazini. Maana yake sisi tuko mstari wa mbele. Taarifa yako inaweza kumsaidia mtu wa mbali ambaye hutamjua.

Ukiona korongo wanakula, fanya hivi

Nenda mwenyewe au mtume mtu mzima, bila mifugo. Piga magoti mahali walipokuwa wanadonoa. Tenganisha majani kwa mikono hadi uone udongo. Tazama majani kama yameliwa pembeni au yamebaki mshipa wa katikati tu. Tazama vinyesi vidogo vidogo vya kijani chini ya majani. Jaribu sehemu tano au sita tofauti, maana viwavi hukaa kwa mabaka. Asubuhi mapema au jioni ni bora; jua likiwa kali hujificha kwenye mashina.

Ukikuta panzi tu, hakuna neno, waache korongo wafanye kazi yao.

Ukikuta viwavi, usilishe hapo. Kwa ukoka hasa, hatari haiishi viwavi wakiondoka. Ukoka uliojeruhiwa na kuchipua tena unaweza kuwa na sumu ya sianidi, na mnyama mwenye njaa akiujaza tumboni kwa haraka hana nafasi. Peleka mifugo sehemu nyingine kwanza. Kama huna sehemu nyingine, nipigie simu tushauriane kabla, na kamwe usiwaingize asubuhi wakiwa hawajala kitu. Mnyama akianza kuhema haraka na kuyumba, watoe wote mahali hapo taratibu bila kuwakimbiza, niite mara moja; dawa ya sumu hii ipo lakini ni ya sindano ya mshipa na muda ni mfupi.

Mnyama akifa ghafla, usimpasue na usimchune kabla sijafika, hata kama una hakika ni majani. Kimeta nacho huua ghafla, na kimeta huua watu. Siku ile ya yule mama majirani walikuwa wameshaleta visu. Nashukuru waliniheshimu wakanisubiri.

Na jambo moja ambalo nimelikuta kwenye maboma mawili: dawa ya kuogeshea ng'ombe si dawa ya viwavi. Usiinyunyize kwenye malisho. Kama serikali inanyunyizia sumu ya viwavi eneo lenu, uliza ni siku ngapi mifugo isiingie, na waambie watoto wasiokote korongo waliokufa baada ya hapo.

Kware wa usiku

Kuna kware mdogo ambaye hazai Ulaya. Ni wa Afrika, lakini huhamahama kufuata mvua. Usiku mmoja hayupo, asubuhi nyanda nzima inaita. Sauti ya dume ni kali, kama chuma chembamba kinachogongwa: wit, wit-wit, wit-wit. Huita asubuhi, jioni, na hata usiku wenye mbalamwezi. Kumwona ni kazi, maana hutembea chini ya majani ya goti. Ukimkanyagia karibu huruka ghafla kwa mvumo wa mabawa, akaenda moja kwa moja na kutua mbali. Dume ana kifua cheusi, ubavu mwekundu wa udongo, na koo jeupe lenye michirizi myeusi. Magharibi mwa Kenya watu wana ustadi wa kumtega kwa kuweka madume kwenye vikapu juu ya mlingoti ili waite wenzao. Sisi hatuna mtindo huo.

Wa majani mafupi: kitwitwi wa Kaspi

Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote, nikiri. Wafugaji wengi wamempita mara elfu bila kumwona. Huzaa kwenye nyika kavu za kando ya Bahari ya Kaspi na Kazakhstan, kisha hutujia kuanzia Agosti. Hapendi maji kama vitwitwi wengine. Anataka majani mafupi kabisa, yaliyochungwa au kuungua. Yaani malisho yako yaliyolishwa vizuri ndiyo nyumba yake. Mahali ambapo ng'ombe hawajapita na majani yamefika kiunoni humkuti.

Yule wa kwenu wa siku zote, mwenye kofia nyeusi iliyozungushiwa duara jeupe na miguu myekundu, anayepiga kelele kree, kree, kreee hata usiku mbwa akipita, huyo ni mwenyeji. Kitwitwi wa Kaspi ni mpole. Hukimbia hatua kadhaa, husimama wima, hutazama, hukimbia tena. Ana mstari mweupe mpana juu ya jicho, kifua cha kahawia, tumbo jeupe. Huwa kwa makundi yaliyotawanyika, kila mmoja na nafasi yake, wote wakitazama upande unaotoka upepo. Wakiruka hutoa sauti fupi: kuit. Kuanzia Februari hadi kuondoka kwao dume hubadilika, kifua kinakuwa chekundu kama tofali chenye mstari mweusi chini yake. Hapo hutamkosea.

Adimu wa alalili

Kwenye alalili, majani yakiwa marefu, kuna mgeni ambaye huenda ukamwona mara moja kwa miaka mitatu. Ukubwa wake ni kama njiwa mwembamba, rangi ya majani makavu yenye madoa meusi mgongoni. Wataalamu humwita Crex crex, na jina hilo ni sauti yake mwenyewe anayopiga usiku kucha kwenye mashamba ya nyasi ya Ulaya na Siberia. Lakini kwetu huwa kimya karibu wakati wote. Hivyo usimtafute kwa sikio.

Mtambue anavyoruka. Ndama wakiingia alalili, au ukitembea kukagua majani, atatoka chini ya mguu wako, aruke kwa uzito kama kuku, mabawa mekundu ya kutu, miguu ikining'inia nyuma, atue baada ya hatua thelathini au hamsini na apotee. Ukienda pale alipotua humpati. Ameshakimbia chini ya majani. Kware hukunja miguu na mabawa yake huvuma. Huyu hana mvumo. Ukimwona, mwache alale. Yuko safarini, na huko Ulaya amepungua sana sehemu nyingi kwa sababu ya mashine za kukata nyasi.

Kwenye alalili hiyohiyo jioni utaona pia vipanga wembamba wa nyasi, wanaoruka chini chini, mabawa yameinuliwa kidogo. Wanatafuta panya, panzi na ndege wadogo, na hulala chini kwenye majani marefu, wengi pamoja. Ukiwa na mpango wa kuchoma majani, chunguza kwanza mahali pao pa kulala.

Kozi si mwizi wa vifaranga

Kina mama wananiambia: hawa ndege wa mvua wanaozunguka kwa mamia ndio wanaomaliza vifaranga wetu. Hapana, mama. Anayechukua vifaranga ni mwewe na jamaa zake wenyeji. Kozi wanaokuja na mvua ni wadogo na chakula chao ni wadudu.

Wako wa aina mbili. Kozi mdogo hutoka Ulaya ya kusini na Asia. Dume ana kichwa cha kijivu na mgongo mwekundu usio na madoa, jike ana madoa mengi. Mchana hutawanyika juu ya nyanda wakila panzi, jioni hukusanyika kwenye miti mikubwa wakilalamika che-che-che hadi giza. Kozi wa Amur, aliyepewa jina la mto ulio mpakani mwa Urusi na China, hupita Novemba na Desemba. Dume ni kijivu cha moshi na chini ya mkia ana wekundu. Akiruka, ndani ya bawa kuna weupe. Huyu hutoka India akavuka Bahari ya Hindi bila kutua, zaidi ya kilomita 3,000, na anapotufikia ana njaa. Kumbikumbi wakitoka mvua ikikatika utaona mamia wakidaka kwa miguu na kula hukohuko angani. Kwa vifaranga jenga tenga, na uwachanje kuku dhidi ya kideri. Kideri nacho huua vifaranga wengi.

Pete miguuni

Baadhi ya korongo na kozi huja na pete ya chuma au plastiki mguuni, wengine na kifaa kidogo mgongoni chenye waya. Watu huogopa. Mwaka 2013 huko Misri korongo mmoja alishikiliwa na polisi kwa kudhaniwa jasusi. Pete ni alama tu, kama hereni ya ng'ombe. Kama ndege yu hai, soma namba kwa mbali au piga picha. Usimkamate. Kama amekufa, usimshike kwa mikono mitupu wala usimpeleke karibu na banda la kuku, kwa sababu ya mafua ya ndege. Piga picha ya pete, mwache hapo, niambie. Ukiona wamekufa wengi mahali pamoja, hiyo ni taarifa ya siku hiyohiyo, si ya kesho.

Ukinipigia simu

Usihangaike na jina la kitabuni. Jina la Kimaasai mnalotumia boma lenu linatosha, hata kama boma la jirani wanamwita vingine. Niambie rangi ya tumbo, rangi ya miguu, na kama ulisikia sauti, iige. Sitakucheka, na mimi huiga. Niambie majani ni ya kifundo, ya goti au ya kiuno. Niambie ni wangapi kwa kukadiria kwa kundi la mbuzi, na ni siku ya ngapi wapo hapo. Mwisho niambie kama walikuwa wamesimama tu au walikuwa wanakula. Na kama aliyewaona ni layoni, mpe simu aongee mwenyewe.